Hotuba ya Kuzindua Jengo la Viapo na Mihuri, Mpakani Tunduma

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye kwa sababu za kibajeti ni mimi vilevile. Waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru. Wazee wetu wa Kinyiha na Kinamwanga, pamoja na ninyi mlioteremka kutoka Isongole kwa nauli zenu wenyewe. Masheikh, wachungaji na makatekista. Ndugu zangu wafanyabiashara wa mchele, wa vitenge na wa vile ambavyo si vizuri kuvitaja hadharani. Madereva wa malori ambao mko hapa si kwa mapenzi bali kwa foleni. Wafadhili wetu wapendwa, mnaowakilishwa na kiti kile cha mbele kilichofunikwa kitambaa cheupe. Wakili msomi Sabra Ashraf, uliyetoka Mbeya alfajiri kuja kulipamba jukwaa letu. Kamati ya mapokezi, kamati ya chakula, kamati ya ulinzi wa keki. Wanahabari wote wawili. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Dereva mmoja anapiga honi.)

Na kwa ndugu zetu wa Nakonde, ambao hamtuoni kwa sababu ya turubai hili lakini mnatusikia vizuri, nasema mwaiseni, yaani karibuni. (Sauti kutoka nyuma ya turubai: "Eya mukwai! Bwana harusi yuko wapi?") Tutafika huko.

Ndugu wananchi, kwa wale wachache ambao bado hawanifahamu, naitwa Gibson Lusubilo, Kaimu Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Uimarishaji wa Viapo, Mihuri na Nyaraka Mpakani, programu ambayo ufupisho wa jina lake peke yake ulituchukua semina mbili na haukupatikana. Nimesimama hapa leo, katika mwaka huu wa 2011, kuzindua jengo la kisasa la ghorofa moja kuelekea juu, lenye ukumbi wa kuapia, chumba cha kugongea mihuri, chumba cha kupulizia mihuri ikauke na choo cha wageni, jengo ambalo nyote mnauona mlango wake wa mninga pale mbele, ukiwa umefungwa utepe mwekundu, na ambalo madirisha yake yanaonekana vizuri kwenye turubai kulia na kushoto. (Makofi. Upepo unavuma, mlango unayumba. Vijana wawili wanaukumbatia.) Msishangae mlango kucheza kidogo, wataalamu wetu wameuwekea uwezo wa kuhimili tetemeko.

(Fundi seremala Zahoro, akiwa amesimama: "Mheshimiwa, tulikubaliana mwisho saa saba. Mteja wangu wa Vwawa anakuja na pikapu!") Asante sana fundi Zahoro kwa salamu zako za pongezi, na naomba ukae. (Kicheko.)

Ndugu zangu, tuangalie tulikotoka. Tangu soko huria lilipofungua milango, hapa Tunduma hakuna kitu kinachovuka barabara bila karatasi isipokuwa mbuzi, na hata mbuzi tuna mkakati naye. Mtu akitaka kumpeleka mtoto kwa shangazi yake Kasama, karatasi. Akitaka mwenzake amuuzie kiwanja wakati yeye yuko machimboni Saza, karatasi. Akitaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye, karatasi. Na kila karatasi inataka kiapo, na kila kiapo kinataka muhuri, na muhuri ulikuwa mbali. Utafiti wetu, tulioufanya kwa weledi mkubwa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, umebaini kwamba asilimia themanini na saba ya wakazi wa mji huu wamewahi kuhitaji kuapa, na kati ya hao, asilimia mia moja na kumi na mbili walikata tamaa. (Miguno.) Ndipo mimi nikasema hapana, lazima tulete mapinduzi ya kimihuri.

Nami sikukurupuka, ndugu wananchi, nilijiendeleza. Nilihudhuria warsha elekezi ya kujenga kapasiti ya nyaraka, nusu siku nzima, nikarudi na cheti, begi na kofia. Kwa hiyo ninapozungumza kuhusu unotari, nazungumza kama mtu wa ndani. Lakini kwa kuwa tunaye hapa Wakili msomi, na kwa kuwa wafadhili walisisitiza awepo, naomba atueleze kwa sentensi moja, mtu anakuwaje notari wa umma na kamishna wa viapo, kisha mimi nitatafsiri kwa lugha ya wananchi.

(Wakili Sabra, bila kipaza sauti: "Unasoma shahada ya sheria. Unakwenda shule ya sheria kwa vitendo. Unaapishwa kuwa wakili. Halafu unaomba Mahakama Kuu ikupe cheti cha kuapisha watu na kuthibitisha nyaraka, na unakihuisha. Ukikosa hicho, muhuri wako ni mpira tu wenye wino.") Mmesikia! Anasema mpira na wino. Hivyo ndivyo vitendea kazi vikuu, na programu yetu imekwisha kununua vyote viwili. (Makofi machache.)

(Kijana aliyevaa suti ya kijivu na ua kifuani anainua mkono: "Mheshimiwa, samahani, naomba niape.") Kijana, utulivu. Ndugu wananchi, mnamwona huyu? Huyu anaitwa Raphaeli, fundi magari wetu wa pale stendi, na ndiye atakayekuwa mteja wa kwanza wa jengo hili. Raphaeli anamuoa binti wa Nakonde anayeitwa Enesi. Anamuoa leo. (Vigelegele pande zote mbili za turubai.) Na karani wa ndoa wa upande wa pili ametaka kiapo kutoka Tanzania kwamba Raphaeli hana mke mwingine huku. Je, huu si ushahidi kwamba jengo limekuja kwa wakati wake?

(Raphaeli: "Lakini Mheshimiwa, kiapo nilikipata wiki iliyopita ofisini kwako. Nilipewa kimeshagongwa muhuri, nikaambiwa nikajaze mwenyewe nyumbani. Karani amekisoma, akauliza wakili aliyeniapisha ni nani. Akanirudishia, mzee wangu.") Alikisoma? (Raphaeli: "Alikisoma chote.") Hapo ndipo tatizo la wenzetu lilipo. Ndugu wananchi, nataka mwondoke na kanuni moja hapa leo, na wanahabari muiandike: karatasi ikishakuwa na muhuri haisomwi, inaheshimiwa! Sisi tulibuni mfumo wa kugonga muhuri mapema, asubuhi, mkono ukiwa bado na nguvu, ili mwananchi akija achukue karatasi yake iliyokwishathibitishwa, aende kwake, akae na familia, aamue kwa nafasi anataka kuapa nini. (Kicheko kikubwa.) Chekeni, lakini foleni iliisha.

(Wakili Sabra: "Mheshimiwa, mtu anaapa mbele yangu. Namwona kwa macho. Ninamfahamu, au anatambulishwa kwangu na mtu ninayemfahamu. Nasoma karatasi, namsomea kama hajui kusoma, anaapa, anatia sahihi nikimtazama, ndipo naandika mahali na tarehe, na jina langu, na muhuri unakuja mwisho kabisa.") Nashukuru sana Wakili msomi. Kwa lugha nyingine tunatumia hatua zilezile, isipokuwa sisi tunaanzia mwisho.

(Raphaeli: "Mheshimiwa, karani anafunga saa sita. Kesho anaanza likizo. Na wajomba zake Enesi wametoka Kasama, wamesema kama leo hakuna ndoa, jioni wanaondoka naye. Nakuomba, nampenda yule binti. Wakili aniapishe hata sasa hivi, utaendelea baadaye.") (Wanawake: "Jamani!") Kijana, usitie watu huruma kabla ya sehemu ya takwimu. Wewe ni mtu wa mpakani, hujui kwamba saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima? Nikianza kuhutubia hapa saa sita nikamaliza saa saba, ukitupa jicho kule utakuta ndiyo kwanza saa sita inagonga. Maana yake hotuba yangu yote haitatumia hata dakika moja. (Kicheko. Raphaeli, ameshika kichwa: "Lakini hiyo saa sita yao ndiyo anayofunga!") Hilo ni suala mtambuka, tutaliundia kamati.

Turudi kwenye jengo. Wengi mmeniuliza, Mheshimiwa, kwa nini jengo mmeliweka hapa, kwenye ukanda huu wa katikati, kati ya nguzo zetu na nguzo zao? Ndugu zangu, hilo ndilo lililonifanya nipongezwe kwa barua na mimi mwenyewe. Wataalamu walitaka tulijenge kule sokoni. Nikawaambia, kwa nini kiapo kiwe cha upande mmoja? Tuliweke hapa ambapo si Tanzania wala si Zambia, mteja akiapa mara moja awe ameapia nchi mbili, gharama nusu, tija mara mbili, sastenabiliti mara nne. (Makofi ya karani wa ofisi ya Mheshimiwa peke yake.) Sasa Raphaeli mwanangu, sogea hapa mlangoni, simama vizuri upande ambao kamera inafanya kazi, na Wakili msomi akuapishe iwe mfano kwa vizazi vijavyo.

(Wakili Sabra anasimama, anafungua mkoba, anafunga: "Hapa siwezi.") Kipaza sauti hakikunasa vizuri. (Wakili Sabra: "Hapa siwezi kumwapisha mtu. Kwenye kiapo lazima niandike kimeapwa wapi. Niandike wapi? Hapa si Tunduma, Mheshimiwa, umesema mwenyewe sasa hivi. Cheti changu ni cha Tanzania, kinaishia kwenye ile nguzo.") (Mama muuza chipsi Mwajuma, kutoka ng'ambo ya nguzo: "Wakili! Meza yangu iko Tanzania! Nalipia ushuru kila siku!") (Kicheko, vigelegele.)

Ndugu wananchi, naomba tubaki katika viti vyetu, naomba... Sawa, naona Wakili msomi anakwenda kufanya ziara fupi ya mafunzo katika banda la chipsi, na wananchi mnamsindikiza kwa mujibu wa itifaki. Wafadhili wetu wabaki tu. Karani, shika kile kiti kisianguke. Mimi nitaendelea kuwatangazia yanayojiri, kwa sababu kipaza sauti hiki kimekodiwa mpaka jioni.

Naona Mwajuma anafuta meza. Anaifuta tena. Wakili amekataa kuweka karatasi mpaka mafuta yaishe, huo ndio ukaguzi wa miundombinu. Anauliza nani anamfahamu huyu kijana. (Mikono yote inainuliwa.) Hapana, anasema hao wote yeye hawafahamu, anamtaka mtu ambaye yeye Wakili anamfahamu. (Mwajuma: "Si mimi, mwanangu! Hujanisahau, kesi ya kiwanja cha marehemu mume wangu ulinisimamia wewe! Na huyu Raphaeli nimemjua tangu anatembea bila suruali!") Wakili amekubali. Sasa anamsomea karatasi kwa sauti, neno kwa neno, jamani, wakati kijana ana elimu yake ya kidato cha nne! Anamwuliza, una hakika hujawahi kufunga ndoa? (Raphaeli: "Sijawahi." Sauti: "Hata kuposa aliona haya!" Kicheko.) Anamwuliza, unajua kwamba ukiapa uongo ni kosa? (Raphaeli, taratibu: "Najua, Wakili. Siapi uongo kwa ajili ya Enesi. Kwa ajili yake naapa kweli.") (Mwanamke mmoja anapenga kamasi.)

Katekista amempa Biblia. Anaapa. Anatia sahihi huku Wakili akimtazama mkono. Wakili anaandika. Imeandikwa Tunduma. Ndipo, mwisho kabisa, kama alivyotishia, muhuri... (Sauti ya muhuri mezani. Chupa ya tomato sosi inaruka. Vigelegele, honi, makofi marefu kuliko yote.) Nashukuru sana kwa makofi hayo, ambayo nayapokea kwa niaba ya programu.

Sasa, Wakili msomi, kabla watu hawajatawanyika. Unakumbuka tulikuomba kitu kimoja kidogo. Wafadhili wetu wamesema fungu la pili litatoka tu wakipata uthibitisho wa notari kwamba jengo limekamilika, na wamesema leo ndiyo mwisho, na ndugu zangu nitasema wazi kwamba usiku wa kuamkia leo sikulala. Nimekuandalia karatasi, wewe unagonga tu. (Wakili Sabra: "Sigongi nisichokiona. Nionyeshe jengo.") Haki yako! Hiyo ndiyo monitaringi na evaluesheni! Karani, mkasi. Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyojipa, nakata utepe, na nafungua rasmi jengo la...

(Mlango unafunguka. Upande wa pili inaonekana barabara ya vumbi, foleni ya malori, na katikati ya wanawake waliovaa sare za kitenge, Enesi akiwa na shela nyeupe, viatu mkononi. Kelele kubwa. Enesi: "Raphaeli! Umeapa?" Raphaeli, akipunga karatasi: "Nimeapa! Hata karani asome mpaka achoke!")

Ndugu... ndugu wananchi, huu ni ukumbi wa mpango wazi, dizaini ya kisasa, hewa... Raphaeli, pita, pita mwanangu, wewe ndiye mteja wa kwanza. Amepita! Mmeona mlango unavyofanya kazi? Kijana wa Tanzania ameingia, bwana harusi ametoka! Na nyuma yake naona kwaya imepita. Ngoma imepita. Wanahabari wamepita, wote wawili. Kamati ya ulinzi wa keki, ninyi mnakwenda wapi na keki? (Sauti: "Tunailinda, Mheshimiwa!") Naona Wakili naye amechungulia mlangoni, ametazama kulia, ametazama kushoto, amerudi kwenye meza ya Mwajuma, ameiweka pembeni karatasi niliyoandaa na anaandika yake mwenyewe. Anaandika sana, jambo linalonitia moyo. Anagonga muhuri! Karani, kimbia, ichukue, peleka stationeri, itume kwa faksi kwa wafadhili sasa hivi kabla ofisi yao haijafungwa, kimbia mwanangu, usisimame kuisoma! (Karani anakimbia.)

Basi, kwa ninyi mliobaki, yaani vijana wawili mnaoshika fremu, fundi Zahoro, na kiti, tuelekee kwenye kauli mbiu. Nikisema muhuri, mnajibu juu. Muhuri! (Kijana mmoja: "Juu." Mlango unayumba.) Usiinue mkono huo, jibu kwa mdomo. Viapo! (Zahoro: "Saa saba imefika, Mheshimiwa.") Mpaka wetu! (Kutoka Nakonde, mbali: vigelegele, halafu sauti ya karani wa ndoa akisoma kiapo chote, mstari kwa mstari.)

Nimalizie kwa shukrani. Karani amerudi, anahema, ametuletea karatasi yenyewe. Tazameni muhuri huo, ndugu zangu, umekaa duara, hauna hata herufi iliyofifia. Kwa kuwa ni siku ya kihistoria, nitavunja kanuni yangu mwenyewe na kuisoma. Inasema: "Mimi, Sabra Ashraf, Wakili, Kamishna wa Viapo na Notari wa Umma, nathibitisha kwamba leo alifika mbele yangu ndugu Gibson Lusubilo, ninayemfahamu, akanionyesha mlango mmoja wa mninga, mali ya fundi Zahoro, ukiwa umeshikwa na vijana wawili, na turubai la lori lenye picha ya madirisha. Mlango ulifunguliwa nikitazama. Nyuma yake niliona barabara, malori na harusi. Jengo halikufika mbele yangu."

(Anaigeuza karatasi, anatazama nyuma yake.)

Karani. Hii faksi... (Karani, akiinua dole gumba: "Imekwenda yote, Mheshimiwa! Wamepiga simu kusema wameipata, na wanaisoma.") 

Nawashukuru basi. Namshukuru Mwajuma kwa meza, ambayo naona ndiyo ofisi pekee iliyofanya kazi leo. Nawashukuru wenye lori kwa turubai lao, na mchoraji kwa madirisha, hasa lile lenye pazia, nililipenda kweli, nilikuwa nimepanga dawati langu likae pale. Nawashukuru wafadhili kwa fungu la kwanza, ambalo lilikwisha kwenye upembuzi yakinifu. Ndugu zetu wa Nakonde, natotela sana, mtubakizie pilau. Na fundi Zahoro, mlango wako huo hapo, kwa kweli ni mlango mzuri, umekuwa mwaminifu kuliko sisi wote. Ila nakuomba subira kidogo kabla hujaubeba, kwa sababu sasa hivi ndio nilioegemea.